Makafi Tisa ya Fundi Bapa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mchonga makafi ya kayaki, vile vimashua vyembamba vya mashindano, mtu tuliyemwita Fundi Bapa. Ametutoka wiki iliyopita, karakanani kwake, peke yake. Peke yake, kama alivyoishi miaka tisa ya mwisho.

Huyu bwana hakukuuzia kafi kabla hajakuona ukivuta kafi majini. Ukija na maringo, "Nataka lile fupi pana," atakuambia, "Kaa kwanza tuuone mkono wako." Kafi fupi lenye bapa pana, yaani ule ubao wa kusukumia maji, hutaka mkono upandishwe hadi usawa wa paji la uso, kafi lisimame wima, uvute kwa nguvu. Kafi refu jembamba hutaka mkono ubaki kifuani, uvute taratibu. Ukikosea kafi, mkono unaharibika. Mkono ukibadilika, kafi halikufai tena. Hilo alilijua kuliko sisi sote.

Alilijua, lakini kwa bintiye alitia pamba masikioni. Binti alikuwa wa mashindano, mwepesi, mabega membamba. Baba akampa kafi lake mwenyewe, fupi, pana. Binti akalalamika bega. "Bega halina neno, ni uvivu wako," akamjibu. Lo! Katikati ya mashindano bega likateguka. Binti akafungasha, akahamia mbali.

Dada yake fundi, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, anasema: "Kaka yangu mkaidi, jamani! Nilimwambia, mpigie mwanao umwombe radhi. Akasema, 'Nikimaliza kumchongea kafi lake.' Mwaka uliofuata namuuliza, ananijibu, 'Nikimaliza hili.' Kila mwaka, nikimaliza hili."

Upweke ulimtafuna, wasikilizaji. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama kwenye meza ya kazi. Akisikia hatua njiani alisimamisha randa, asikilize kama zinaingia kwake. Zilipita.

Baada ya maziko, binti alifungua karakana. Ukutani makafi tisa, kila moja na mwaka wake kwa penseli. Kila moja refu kidogo kuliko la mwaka uliotangulia, jembamba kidogo. Baba alikuwa akikisia tu: bega limeumia, mkono umeshuka, umri unakwenda. Miaka tisa alimfuata mwanawe kwa kukisia.

Binti akayapeleka ziwani, akayajaribu moja moja. La tisa likawa refu mno. "Amenizeesha huyu mzee!" akasema, anacheka na machozi yanamtoka. Lililomkaa mkononi ni la mwaka wa tano. Alizunguka nalo ziwa zima, bega kimya.

"Lilikuwa tayari tangu miaka minne iliyopita," alituambia. "Na hata kama asingekuwa na kafi lolote, sawa tu. Angepiga simu tu, ningekuja."

Binti, na wewe shangazi mtu, poleni sana. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu uliyemkosea, redio haitanuna. Izime, umpigie.