Damu ya Katungu Sophie Ilibaki ku Barrière

Siku ya pili ya juma, tarehe kumi na tatu mwezi wa pili, mwaka elfu mbili na moja. Wasikilizaji wapendwa, shikeni hiyo tarehe. Hapa Butembo ukungu ulikuwa haujapanda mulima. Saa ine ya asubuhi damu ya bibi yangu, mama wa batoto bangu, ilikuwa imesimama ndani ya murija mwembamba wa kioo, ku dirisha ya poste ya afya ya mutaa wetu, na ilikuwa inashuka. Saa nane ya muchana damu yake ingine, ile ya kwenda Beni, ilikuwa imekamatwa ku barrière, kizuizi cha askari barabarani. Hiyo ndiyo siku kila kitu kiliharibika.

Munanijua. Miye ni Maliro. Miaka kumi na miwili ninawasomea hapa ku radio majina ya wafu wenu. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primaire, na kuna majina yenu ninayakwaa, munanisamehe. Leo sina karatasi ya mutu mwingine. Leo ninamukumbuka wangu. Katungu Sophie. Alizaliwa Masereka, alifariki Butembo, akiwa na miaka makumi tano na tatu. Kilichomuua ni mafigo. Ninarudilia, kwa sababu miaka mingi watu walisema kitu kingine, na kati ya wa kwanza kusema nilikuwa miye. Kilichomuua ni mafigo.

Masereka munaijua. Baridi, viazi, na asubuhi vilima vinaelea juu ya ukungu kama vile havina miguu. Indépendance ilimukuta Sophie kule na miaka kumi na miwili. Alikuwa ananielezea: mwalimu aliwapanga inje ya masomo, akawaambia kuanzia sasa kila kilima kitakuwa na dispensaire yake. Batoto walipiga makofi. Sophie akarudi nyumbani, akasimama mulangoni, akahesabu vilima. Aliona kumi na kimoja. Akaenda kulala na dispensaire kumi na moja kichwani, zote na mabati mapya, na taa.

Kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Leo miye ninauliza bakubwa: moja tuliiona, ya pili iko wapi?

Kisha mwaka wa sitini na ine, waasi walifika. Watu walikimbilia porini. Sophie alikuwa na miaka kumi na sita. Alimubeba tate yake muzee, nyanya muzaa mama, mugongoni, na mukaba kwenye kipaji cha uso, vile bamama zetu wanabeba kuni na maharagi. Siku mbili katika mianzi. Alisema yule muzee alikuwa mwepesi kama ndoto, na alikuwa anaimba kidogo kidogo ndani ya sikio lake. Walipofika, Sophie hakuweza kunyoosha mugongo. Muzee akamwambia: “Mugongo wa mwanamuke hauumwi, mutoto wangu. Unachoka tu.”

Hiyo sauti iko katika kila nyumba yetu. Kwetu mugongo si ugonjwa. Mugongo ni muzigo wa jana. Mwanamuke anatoka Vuhovi na kitunga cha maharagi, anapanda, anashuka, anafika soko, anashika kiuno, na sisi banaume tunasema: amefanya kazi. Tunamusifu. Hakuna mutu anauliza nini kinalala pale chini ya mbavu, mahali kitunga kinakaa.

Nilimuoa mwaka wa sitini na nane. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Mvua ikipiga mabati alikuwa ananyamaza kabisa, anasikiliza, hata chakula kiungue. “Baba Masika,” anasema, “mvua ya leo inatoka kwetu.” Alijua. Sijui namna gani.

Alipofika miaka makumi ine na tano, vidole vilianza kuvimba asubuhi. Magoti pia. Akaanza kununua sokoni zile dawa za maumivu. Moja asubuhi, moja magharibi. Kisha mbili. Miaka nane. Miye mwenyewe nilikuwa ninamutumia mutoto dukani. Dukani nani alikuwa anachunga dawa gani inauzwa? Hakuna. Bakubwa ba rébellion, waasi waliotutawala kwa nguvu ya Uganda, walikuwa wanachunga dhahabu.

Mwaka elfu mbili, uso ukaanza kuvimba. Asubuhi macho yanakuwa madogo, magharibi miguu inakuwa mikubwa. Mukojo wake ulikuwa na povu kama sabuni. Binti yetu wa kwanza, Masika, ndiye aliliona lile povu. Ile tarehe kumi na tatu akamuvuta mama yake kwa Jéthro.

Jéthro alikuwa mutu wa labo, wa kupima damu na mukojo, ku poste ya afya. Kijana mwembamba, koti lake limepasuka kwapani. Alifanya vitu viwili mbele yetu. Kwanza, alitia mukojo wa Sophie katika kioo, akaupasha moto juu ya taa ndogo. Ukageuka mweupe, ukaganda kama ute wa yai. Kisha alivuta damu, akaisimamisha ndani ya murija mwembamba, wima, ku dirisha. Akasema tusiiguse, tungoje saa moja.

Tukangoja. Sitasahau ile saa. Nyekundu ilikuwa inashuka pole pole, na juu yake maji ya manjano yanabaki, safi, kama asubuhi inayopanda. Sophie aliiangalia vile mutu anaangalia mutoto akilala. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ni Masereka. Nyekundu ni udongo, na ile juu ni hewa. Miye niliona kuwa ni kitu kizuri. Nilifikiri kadiri inashuka, ndivyo anapona.

Jéthro akasoma. Mwanamuke wa umri wake, damu ingeshuka milimita makumi mbili, ao makumi tatu. Yake ilishuka mia moja na kumi na nane.

“Mama Masika, kuna moto ndani ya mwili,” Jéthro akasema. “Hiki kipimo kinaonyesha moshi. Nyumba inayowaka hakionyeshi. Mais ule mukojo umeganda, donc ninaogopa ni mafigo.”

Sophie akamuuliza kama hawezi kujua hapa hapa. Akajibu hapana. Mafigo yana kipimo chao, kinaitwa créatinine. Kinasema kama mafigo yangali yanasafisha damu, ao yamechoka, ao yamekufa. Dawa ya kukifanya ilikuwa Beni tu. Butembo ilikuwa imeisha tangu miezi mitano, kwa sababu kila katoni ya dawa ilihitaji karatasi, na kila karatasi ilihitaji bureau, na bureau ilikuwa na mukubwa, na mukubwa alikuwa Kampala.

“Mama, hapana kumeza tena zile dawa za maumivu,” akasema. “Hata moja. Na tungoje namba ya Beni mbele ya kufanya kitu kingine.”

Namba ya Beni. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu moja.

Jéthro akatenga yale maji ya damu katika kichupa kidogo, akakifunga pamba, akakiweka ndani ya thermos yenye maji ya baridi. Kasimu akaichukua. Kasimu alikuwa jirani yetu, Muislamu, mwenye gari ya kupakia watu na mizigo Butembo–Beni. Aliiweka thermos katikati ya magoti yake, akaendesha nayo hivyo. Saa tano akaondoka. Kwa siku za kawaida, magharibi tungekuwa na namba.

Ku barrière wakamusimamisha. Siku ile bakubwa ba rébellion walikuwa wamegombana wao kwa wao, na order ilikuwa imetoka kwamba hakuna kitu cha maji kinapita bila sahihi. Askari akafungua thermos. Akauliza kwa Lingala yao: “Makila ya nani oyo?” Damu hii ni ya nani.

“Ya mama Masika wa Butembo, chef. Inaenda labo.”

“Labo gani inakunywa damu?”

“Inakunywa kidogo tu, chef,” Kasimu akajibu. “Kisha inatema namba.”

Wengine wakacheka. Yule hakucheka. Alisema hiyo ni sumu ya kuroga mukubwa. Akaweka thermos juu ya benchi, kwenye jua. Kasimu akabaki. Angeweza kugeuza gari. Alibaki siku tatu, analala chini ya gari, anaomba.

Sasa sikieni kilichokuwa kinaendelea nyumbani kwangu wakati yeye analala chini ya gari.

Dada yangu Sikitu alikuja ile ile siku ya pili, magharibi. Sophie alikuwa anatapika. Sikitu akamuangalia uso, akaniita inje. Akauliza siku ya Mungu, jumapili, Sophie alikula wapi. Nikasema arusini, kwa Hadidja. Hadidja ni bibi ya Kasimu. Walikuwa wameoza binti yao, na Sophie alirudi na sahani ya pilau.

“Basi amelishwa,” Sikitu akasema. “Uso unavimba, anatapika, wewe ungali unangoja karatasi? Sumu haingoji karatasi.”

Wasikilizaji wapendwa, munajua sisi. Mutu akivimba na kutapika, hatuulizi ana ugonjwa gani. Tunauliza alikula kwa nani. Na Masika alisema, alilia hata, alinikumbusha Jéthro alisema tungoje. Nikamwambia anyamaze. Nilimuamini dada yangu. Siku ya ine, tarehe kumi na tano, nikamupeleka Sophie Vuhovi, kwa muzee mumoja anayetapisha watu sumu. Akamunywesha mizizi, kikombe kwa kikombe. Alitapika muchana mzima, tumbo likaharisha, mpaka hakukuwa na kitu cha kutoka. Yule muzee akatuonyesha katika besani kitu cheusi. Akasema: sumu yenyewe hii. Nikamushukuru. Wasingya, nikasema, na mikono miwili.

Kurudi, Sophie hakukojoa tena.

Siku ya tano, tarehe kumi na sita, Kasimu alirudi. Alipita njia nzima ya mutaa wakati watu wanamugeuzia mugongo. Alisimama mulangoni kwangu, vumbi mpaka ku kope.

“Maliro, thermos yako hii,” akasema. “Iko tupu. Askari alimwaga. Nilimuomba siku tatu. Na sasa ninarudi, ninasikia bibi yangu ni mulozi.”

Nilichukua thermos, nikafunga mulango.

Siku ya kwanza ya juma lililofuata, tarehe kumi na tisa, barabara ilifunguka. Jéthro akaja mbio nyumbani. Alitaka damu ingine. Alisema Kasimu bado amekubali kuipeleka, gari iko tayari, inawaka. Nikasema hapana. Nikasema damu ya bibi yangu haitapita tena katika mikono ya ile nyumba.

Sophie alilala siku kumi na moja. Ilikuwa kulala kwa namna ingine. Alikuwa anafungua macho, anaongea na mabati. Alisema maji yamejaa Masereka, viazi vinaelea, batu wanavua viazi kwa kitunga, na wanacheka. Aliomba nifungue dirisha ili ule muzee aingie, ashuke mugongoni, kwa maana wamefika. Pumzi yake ilikuwa na harufu kali, kama mukojo wa zamani. Siku ya mwisho aliniangalia vizuri, macho safi kabisa, akaniambia: “Baba Masika, urudishe sahani ya Hadidja.”

Alifariki siku ya tano, tarehe mbili mwezi wa tatu, saa tisa ya muchana. Mvua ilikuwa inapiga. Sijui kama ilitoka kwao.

Hadidja alikuja matangani. Hakuna mutu alimupa kiti. Alikaa chini kule nyuma, akaosha masufuria siku mbili, kisha akaenda. Mwezi wa sita walihamia Beni.

Nimewalaumu bakubwa miaka yote hii, na nitawalaumu mpaka nizikwe. Walifunga barabara. Walimwaga damu ya mama mugonjwa kwenye majani kama maji ya kuosha sahani. Wao wakiwa na homa, avion, ndege nzima, inakuja kuwachukua. Hakuna hata mumoja alisimama mbele ya mahakama. Wengine wangali na bureau. Wengine munawasalimia.

Mais kuna kitu kimoja kinabaki, na leo ninakisema katika hii radio, mbele ya Butembo na Beni, mpaka mwisho wa sauti hii. Mama Hadidja, kama unanisikia: wewe hukumulisha Sophie sumu. Nilikusingizia. Na wewe Kasimu, ulilala siku tatu chini ya gari kwa sababu ya mutu ambaye si wa ukoo wako, na miye nilikufungia mulango. Sina neno lingine. Ninaomba munisamehe.

Pole kwa ukoo wa Masereka. Pole kwa batoto bangu batano. Pole pia kwa nyumba zote mahali mama alikufa na munasema mpaka leo alilishwa, na jirani mumoja hamumusalimii. Ninyi muliopita miaka makumi ine: mugongo ukikaza, macho yakivimba asubuhi, mukojo ukipiga povu, hapana kusema ni muzigo. Hapana kumeza dawa ya maumivu kila siku kama vile ni chakula. Mupimwe. Na bakubwa munaosikiliza katika magari yenu, mujue dawa ya kupimia imeisha tena mahali fulani leo hii.

Nilimuuliza Jéthro, matanga yalipoisha: ni mizizi ilimuua, ao mafigo yalikuwa tayari yamekufa mbele ya kwenda Vuhovi? Aliangalia chini. Alisema bila namba ya siku ile hawezi kujua, na hakuna mutu atajua.

Ndipo Masika, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akaniuliza kitu. Hakuuliza na hasira. Sikumujibu siku ile. Ana nywele nyeupe sasa, na sijamujibu. Mukae nacho kidogo, wasikilizaji wapendwa, kila mutu nyumbani kwake.

“Baba,” akasema, “kama barrière ingefunguka, na karatasi ya Beni ingefika ile magharibi na namba juu yake, ungeamini karatasi, ao ungeamini shangazi?”