Gia Tatu na Pikapu Yake ya Nyumbani

Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujampeleka mwenzetu alikochimbiwa, familia inaomba mtulie kidogo msikie alikotoka. Jina la kwenye cheti wengi wenu hamlijui, na mwenyewe aliliacha zamani. Mtaani kote aliitwa Gia Tatu. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akikasirika, na alikuwa na sababu nyingi za kukasirika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya matrekta. Baba yake alikuwa seremala, mama yake aliuza mkaa. Mwaka 1960 akazaliwa mdogo wake wa pekee, ambaye ni fundi cherehani mnayemjua nyote, aliyekaa pale mbele. Wawili hao walilala kitanda kimoja mzungu wa nne, kila mmoja na miguu ya mwenzake usoni, na ugomvi wa nani kamsukuma nani ulianzia hapo. Mama yao alikuwa akisema, "Hawa walianza kubishana mdogo hajajua hata kusema."

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 akamaliza 1970. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, ila mikono yake haikutulia. Siku moja pampu ya maji ya shule ilikuwa inalia, akaifungua yote ili ajue inalia nini. Alipoifunga tena ilitoa maji bila kelele, lakini mfukoni mwake ilibaki bolti. Mwalimu mkuu akamuuliza hiyo bolti ni ya wapi. Akajibu, "Hii ilikuwa ya ziada, mwalimu." Alichapwa, na bolti hakuirudisha.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuunganisha magari, akapangwa kitengo cha giaboksi. Alikaa hapo hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1994. Kila giaboksi aliyoifunga aliipapasa ubavuni kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyemuuza. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walichukua kiinua mgongo wakafungua maduka. Yeye chake kiligeuzwa pikapu, moja ya zile za mwisho kuunganishwa pale kiwandani, ya kijani. Akaileta nyumbani anapiga honi tangu barabara kuu. Mkewe alikuwa anasubiri mabati ya kuezekea. Alitoka nje, akaitazama ile pikapu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mke huyo alikuwa amemuoa tarehe 12 Desemba 1981. Ili mwelewe ndoa yao lazima muielewe ile pikapu. Kiti chake cha mbele ni kimoja kirefu, wanakaa watu watatu. Na gia yake ya tatu haikuwahi kukaa. Ukipanda mlima inaruka, inarudi katikati, injini inapiga kelele bure huku gari linaanza kurudi nyuma. Marehemu akiwa peke yake aliizuia kwa goti la kushoto, ndiyo maana suruali zake zote zilitoboka goti hilo moja. Mdogo wake, fundi cherehani, ndiye aliyezitia viraka. Akiwa na mkewe, alimkalisha katikati, na wakifika chini ya mlima wa kanisani alisema neno lile lile kila mara: "Mama, shika tatu." Mama alishika kijiti cha gia kwa mikono miwili mpaka kileleni. Watu waliowaona kwa mbali walidhani ni mapenzi.

Ukimwambia marehemu kwamba gia ni mbovu, ulikuwa umejitafutia siku nzima ya maneno. "Si mbovu. Inataka kushikwa. Wewe hutaki kushikwa?"

Mwaka 2009 mdogo wake alinunua gari dogo jeupe lililotoka ng'ambo, la otomatiki, linalobadilisha gia lenyewe. Hapo ndipo nyumba hii ilipokosa amani. Kila Jumapili wenye magari wa mtaa walikuwa wanaoshea magari yao kwenye bomba la uani kwetu, na kabla ndoo ya kwanza haijajaa, mjadala umeshawaka: la nyumbani au la ng'ambo, gia za mkono au otomatiki.

"Gia anabadilisha nani?" marehemu aliuliza.

"Linabadilisha lenyewe, kaka."

"Basi wewe siyo dereva. Wewe ni abiria uliyekaa upande wa usukani."

"Mimi miguu yangu inakanyaga cherehani kutwa nzima," mdogo alijibu. "Nikifunga duka sitaki pedali nyingine. Na sihitaji kuoa ndiyo nipande mlima."

Uani wote walicheka, mpaka mkewe marehemu aliyekuwa anaanika nguo. Marehemu hakucheka. Alisema, "Hilo bati lako likikohoa utalipeleka kwa nani? Litakufa na siri yake. Hili langu likiumwa naliuliza, linanijibu."

"Linakujibu kila siku! Lina maneno mengi kuliko mwenyewe!"

Ilikuwa ni hivyo, mwaka kwa mwaka. Hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake, na hakuna aliyewahi kuchoka isipokuwa waliokuwa wanasikiliza.

Mwezi Aprili 2019 utani ulikwisha. Mdogo alikuwa na safari ya harusi ya mtoto wa rafiki yake, akamwomba kaka yake amwangalizie gari, maana pamoja na maneno yote hakumwamini fundi mwingine. Marehemu alifurahi sana. Akalala chini ya lile gari jeupe, akafungua giaboksi, ikatoka oili nyekundu, nyepesi kama maji. Magari ya otomatiki ndiyo oili yake hiyo. Lakini yeye alikuwa amefunga giaboksi miaka yote ile kwa oili nzito, nyeusi, inayovutika kama asali. Akachovya kidole kwenye ile nyekundu, akainusa, akasema, "Hii si oili, hii ni sharubati. Ndugu yangu wamemwibia." Akaimwaga yote. Akajaza ile nzito ya pikapu yake, tena mpya, aliyokuwa ameiweka akiba chini ya kitanda.

Mdogo alipolichukua kwa safari, gari jeupe lilifika njia panda, likanguruma, likasimama, na halijatembea tena. Liko kwenye mawe mpaka leo, pembeni ya duka la cherehani, kuku wanalala humo.

"Umeniulia gari kwa wivu," mdogo alisema mbele ya watu.

"Nimelilisha chakula cha watu wazima, likashindwa kutafuna," marehemu alijibu.

Mkewe alimwomba siku ile ile aseme samahani. Akasema atasema mdogo wake akikubali kwamba gari lenyewe lilikuwa bovu. Mdogo alisema atakubali lolote akisikia samahani kwanza. Basi, ikawa hivyo. Wanaishi uwanja mmoja, bomba moja, na salamu hakuna. Suruali za marehemu zikawa zinashonwa na mkewe kwa mkono, viraka vimekaa upande.

Tarehe 3 Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, ukafa upande wa kushoto. Goti lile lile, mguu ule ule wa klachi. Daktari alitaka aende kila wiki kufanyishwa mazoezi ng'ambo ya mlima. Watoto wake wote watatu wanaendesha otomatiki tu; mmoja alijaribu pikapu akagonga ngazi. Gari lingine marehemu alikataa kupanda. Mtaa mzima, aliyejua pikapu ile alikuwa mmoja, kwa sababu marehemu ndiye aliyemfundisha udereva humo humo. Mama akaenda dukani kwake.

"Shemeji, njoo unisaidie."

"Aje mwenyewe aniombe."

Akarudi kwa mumewe. "Nife kwanza," mumewe akasema.

Mama akasimama katikati ya uwanja, akawapigia kelele wote wawili kwa pamoja, kelele ambayo majirani mliopo mnaikumbuka. Kesho yake asubuhi mdogo alikuja, akachukua funguo msumarini bila hodi, akakaa kwenye usukani. Mama katikati, kwenye tatu yake. Marehemu dirishani.

Wakaenda hivyo miaka miwili, na wale ndugu hawakusemeshana. Kila kitu kilipitia kwa mama.

"Mwambie dereva wako aachie klachi polepole, hasagi mahindi."

"Mwambie abiria wako klachi yake imeisha kama yeye."

"Mwambie la kwake liko kwenye mawe."

"Mwambie anajua aliyeliweka."

Mama alikuwa akirudi nyumbani anaumwa kichwa kuliko mgonjwa. "Fahali wawili wakipigana zinaumia nyasi," alisema, "lakini hata nyasi hazishikishwi gia." Aliwaomba mmoja wao aseme neno moja tu, lolote, fupi. Hakuna.

Kitu kimoja kilitokea, nacho kisisahaulike. Siku moja suruali ya marehemu ilipotea kwenye kamba ya nguo. Ilirudi jioni ikiwa imetiwa kiraka kipya cha jinzi kwenye goti la kushoto, kimenyooka, kimepigwa mshono mara mbili. Marehemu alikuwa hawezi tena kuendesha, goti halizuii chochote. Alikipapasa kile kiraka ubavuni, kama alivyopapasa giaboksi zake, na tangu hapo alikataa kuvaa suruali nyingine siku ya mazoezi. Mama akamwambia, "Sasa mwambie ahsante." Akasema, "Ameona mwenyewe nimevaa."

Safari yao ya mwisho ilikuwa Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024. Chini ya mlima marehemu alisema, bila kupitia kwa mtu, "Tia ya pili, ya tatu itakusumbua leo." Mdogo akajibu, "Nimeshatia." Mama aliwatazama, huyu na huyu, akangoja. Hawakuongeza neno. Alhamisi asubuhi kiharusi kilirudi mara ya pili, na marehemu akafariki hospitalini kabla ya saa sita mchana.

Juzi mwili uliletwa nyumbani kwa pikapu, kama alivyotaka. Mdogo wake aliendesha. Mama alikaa katikati kwa mazoea, dirishani hapakuwa na mtu. Walipofika chini ya mlima mama alikuwa ameinama, ameficha uso kwenye kitambaa kwa mikono yote miwili. Mdogo akaweka tatu, akaizuia kwa goti lake mwenyewe. Pikapu ikapanda. Karibu na kileleni akafungua mdomo: "Shemeji, mwambie mwenye gari..."

Mama hakuinua uso. "Mwambie mwenyewe," akasema. "Yuko hapo nyuma."

Mdogo aliendesha mpaka getini. Alizima injini, watu wakaanza kufungua nyuma, yeye bado yuko pale pale. Ndipo akageukia kile kidirisha kidogo cha nyuma ya kiti akasema, "Kaka, gari lako limepanda." Kisha akasema, "Na ile oili najua ulinipa ya akiba yako."

Maneno haya ni mazuri. Yangekuwa mazuri zaidi wiki moja kabla, alipokuwa amekaa dirishani anasikia. Na lile la kwake marehemu, samahani, ameondoka nalo, kama ile bolti ya pampu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake wa pekee, ambaye tunaomba leo asiachwe akae peke yake. Ameacha pia pikapu. Wenye magari mliokuja, tangu jana tunawasikia pale bombani mmeshaanza tena, la nyumbani, la ng'ambo. Tunaomba mnyamaze mpaka tumfukie.

Gia Tatu, pumzika kwa amani, amani ambayo sisi wa uwanja huu tulikunyima na wewe ukatunyima.