Fundi Polikarp na Kelele za Kikongwe

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Fundi Mkuu wa gereji yetu ya Sumbawanga, Bwana Polikarp Sebastiani, anastaafu tarehe 30 Juni 1959. Tarehe hiyo ameichagua mwenyewe. Tajiri wetu, Bwana Saad Halfani, alimwomba angoje mavuno yaishe, maana wakati wa mavuno malori hayapumziki. Akajibu kwamba tangu mwaka 1931 ametii amri za magari ya watu, sasa anataka kutii amri za mke wake. Sisi tunaomfahamu Mama Bertilla tunajua kwamba hapo fundi hajapata likizo hata kidogo.

Alianza kama utingo wa lori la marehemu Mzee Halfani, baba yake Bwana Saad. Kazi yake ilikuwa kuruka chini kila lori liliposhindwa mlima, akaweke gogo nyuma ya tairi. Lori lilishindwa milima mingi. Wenzake walitumia nafasi hiyo kulala majanini, yeye aliingia uvunguni kutazama. Mzee Halfani akachoka kumvuta miguu kila safari inapotaka kuendelea, akaona heri amhamishie gereji moja kwa moja. Mwaka 1944 akawa Fundi Mkuu, na tangu hapo hakuna gari lililotoka kwetu bila yeye kulipigapiga boneti na kuliaga.

Tuseme ukweli, maana wasifu uliojaa sifa tupu ni tangazo la duka. Bwana Polikarp hajawahi kuwa mnyenyekevu. Anajua kazi, na anajua kwamba anajua. Kwaya ya parokia inamsikia, gereji inamsikia, na asubuhi za baridi watu wa mtaa wa Kizwite wanamsikia anapokuja kazini akisimulia njia nzima injini aliyoifufua jana. Ukimpa chai isiyo na sukari ya kutosha atakunywa, lakini mtaa mzima utajua. Nimekaa naye jirani, yeye gereji na mimi stoo ya spea, na sikumbuki siku niliyoboreka.

Wakati wa vita spea zilikatika. Alikata gasketi kwenye maboksi ya sabuni, akashona mikanda ya feni kwa ngozi ya ng'ombe, na magari yakatembea. Vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu navyo vilipotea wakati huo, na vingine havikupatikana. Kwenye kitabu chake cha sala alikuwa na picha ndogo ya Mtakatifu Yosefu, ya karatasi ngumu, aliyopewa na mapadre siku ya kipaimara. Akaijaribu kwenye injini, unene wake ukawa uleule uliotakiwa. Ikawa ndiyo kipimo cha gereji. Kuseti valvu ikageuka kuwa ibada yake peke yake: sisi tunasogea nyuma, yeye anafuta mikono, anaitoa picha, anapima, anairudisha mfukoni. Mzee Halfani alikuwa akitania kwamba katika gereji ya Waislamu yupo mtakatifu mmoja tu, na huyo hajawahi kudai posho. Vita vikaisha, vibati vikaanza kuuzwa tena, lakini nani angethubutu kumwambia aviagize?

Sasa nifike kwa Kikongwe, maana huwezi kumwandika Polikarp ukamwacha Kikongwe.

Kikongwe ni gari letu la mwaka 1930, lenye bodi ya mbao, linalokwenda Kabwe, kule ziwani Tanganyika, kila wiki na kurudi na abiria, dagaa na wagonjwa wa hospitali. Mpaka mwaka 1955 lilikuwa likifika kwenye mlima wa kutoka ziwani, kila mwenye miguu anashuka anasukuma. Wagonjwa walibaki ndani, lakini wajawazito wengi walishuka kwa aibu ya kuwaona wengine wakisukuma. Jambo hilo lilimuuma sana Polikarp, kwa sababu Mama Bertilla ni mzaliwa wa Kabwe, na dada yake aliwahi kushuka hivyo akapoteza mimba. Hakulisema hadharani. Sisi tulilijua.

Akasikia kwamba ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, huko Abercorn, kuna lori lililokufa lenye injini ya aina ileile ila ya toleo la baadaye, yenye nguvu zaidi. Siri ya nguvu hiyo ilikuwa kemshafti, ule mhimili wenye nundu unaozisukuma valvu zifunguke. Akaifuata mwenyewe, akarudi nayo imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Aliwaahidi watu wote, kuanzia tajiri hadi wauza maandazi, kwamba sasa Kikongwe litapanda mlima bila mtu kushuka.

Akaifunga, akaseti valvu, akaliwasha. Nguvu ilikuwepo kweli. Lakini kelele! Injini nzima iligongagonga ta-ta-ta-ta, hata kuku wa jirani wakakimbia. Dereva wetu, Alois, alikwenda nalo Kabwe mara moja, akarudi na siti nusu tupu. Abiria walisema hawawezi kupanda mlima juu ya kitu kinachojivunja chenyewe.

Fundi akaanza kutafuta. Alibadilisha mafuta. Alifungua kifuniko cha juu akidhani roka, vile vyuma vinavyozibonyeza valvu kwa juu, zinakigonga, akakuta hazina hata alama. Alibadilisha springi za valvu. Aliweka mpini wa nyundo kwenye injini na ncha nyingine sikioni, akasikiliza kuanzia mbele hadi nyuma. Kila mara alirudishia kila kitu, akatoa picha yake, akaseti valvu, na kila mara likawaka kwa ta-ta-ta-ta ileile.

Bwana Saad ni mtu mpole, lakini gari tupu halimlishi mtu. Akasema baada ya sala ya Ijumaa kemshafti ya zamani itarudishwa, na kwa kuwa Kikongwe bila nguvu halina maana tena kwenye ule mlima, safari ya Kabwe itafungwa. Polikarp alitoka ofisini uso umemshuka. Fundi mwenzake, Adolfu, akajaribu kumsaidia: kwa upole akamwuliza kama wamewahi kujaribu kupima kwa kitu kingine tofauti na ile picha. Ah! Fundi alimfokea mpaka nikafunga mlango wa stoo. Siku zilizofuata hawakusalimiana.

Alhamisi akaja Hamisa, mama wa Kabwe anayeuza dagaa hapa mjini. Habari ya safari kufungwa ilikuwa imemfikia. Akasimama mlangoni pa gereji na kapu lake kichwani.

"Shikamoo fundi. Mie hizo valvu zenu sizijui. Mie najua ule mlima tu. Sasa ukikushinda wewe, sisi tumwite nani?"

Kwa mara ya kwanza fundi alijibu "marahaba" bila kuongeza neno. Akamwomba Alois aliwashe gari papo hapo, injini iende taratibu. Akafungua kifuniko cha juu huku injini ikizunguka na mafuta yakimrukia shati. Akachana kijikaratasi cha pakiti ya chai, akakipenyeza kati ya roka ya kwanza na valvu yake. Pale pale mlio wa valvu hiyo ukanyamaza. Akakitoa, ukarudi. Akaenda ya pili, ikanyamaza vilevile. Ya tatu, ya nne, mpaka ya mwisho. Nafasi zilikuwa kubwa mno, na zilikuwa kubwa sawasawa.

Akazima gari. Kisha akatuita wote, tajiri, madereva, mimi na Hamisa na kapu lake.

"Kelele ya valvu moja ni ugonjwa wa valvu," akasema. "Kelele ya valvu zote kwa kiasi kimoja ni ugonjwa wa aliyezipima. Kemshafti hii inataka nafasi ndogo kuliko ile ya zamani, na mimi nimeipimia kipimo cha ile ya zamani. Gari halina kosa. Kosa ni langu. Adolfu aliniambia, nikamfokea. Adolfu, nisamehe, ndugu yangu."

Wanaomjua Polikarp wataelewa uzito wa maneno hayo. Mimi nilitokwa na machozi, na sioni haya kuandika hivyo. Nimemwona mtu huyu akinyanyua injini na wenzake watatu, lakini sijamwona akinyanyua kitu kizito kama siku ile.

Akampa Adolfu spana, Adolfu akapunguza nafasi, yeye akapima nyuma yake kwa karatasi na kwa sikio. Walipoliwasha, Alois alifikiri limezimika. Jumamosi Kikongwe lilikwenda Kabwe, likapanda mlima likiwa limejaa, wala hakuna aliyeshuka. Na Jumatatu niliagiza vibati vipya, kwa amri ya Fundi Mkuu mwenyewe, aliyeitoa kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

Tangu siku hiyo gereji ina utaratibu mmoja ambao hauvunjwi: akiseti mmoja, anapima mwingine, hata kama aliyeseti ni Polikarp. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko kemshafti.

Masika ya mwaka 1957 Kikongwe lilimpandisha Hilaria wa Kabwe akiwa na uchungu siku ya pili. Alikaa ndani njia nzima, akajifungua hospitalini, mama na mtoto wakatoka wazima. Mumewe, Evaristi, alikuja gereji na tenga la samaki wakavu kushukuru. Fundi wetu, msemaji wetu, alilipokea tenga akabaki analitazama tu. Mama Bertilla ndiye aliyeshukuru kwa niaba yake.

Sasa wanahamia huko huko Kabwe, kwenye kiwanja cha wakwe. Wafipa wenzake wanamtania kwamba ameolewa uzeeni. Yeye anasema anafuata samaki.

Bwana Polikarp, kwa niaba ya Bwana Saad, mafundi, madereva na stoo, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa sauti yako, na kwa Alhamisi ile. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na maisha mema wewe na Mama. Kikongwe litaendelea kuja kila wiki, na Alois ameagizwa asimame mlangoni kwako. Ila uwe unatoka nje mapema ukae barabarani, fundi, maana ukingoja kulisikia litakupita.

Bashiri, Mtunza Stoo