Miale Mia Mbili, Kiti Kimoja

Nje ya duka la kufulia nguo kwa mashine pale Polish Hill, Pittsburgh, lipo benchi ambalo bomba la mvuke hulipasha joto hata theluji ikifika magotini. Wenye benchi ni wastaafu watatu: Tanuri, aliyeyeyusha chuma miaka thelathini, Posta, aliyesambaza barua za watu pamoja na umbea wao, na Winchi, aliyebatizwa Zenon, aliyeendesha winchi kiwandani. Kahawa ni ya chupa ya Tanuri, chungu kama shubiri. Asubuhi hiyo Winchi alikuwa ametoboa siri: ana kivimbe kwenye ubongo, kama punje ya njegere, na Jumatano wanakichoma kwa mionzi.

— Bila kisu? Acha kamba wewe! — Tanuri akadakia.

— Bila kisu, — akasema Winchi. — Unafungwa fremu ya chuma kichwani, inakazwa kwa skrubu nne. Halafu inapita miale kama mia mbili. Mmoja mmoja haudhuru kitu. Pale inapokutana ndipo inapounguza. Jioni uko kwako.

— Mia mbili? Umekwisha, — akasema Posta. — Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni hapo nani, we Posta?

— Si huo mwale!

— Loo! Hebu nywa kahawa yako.

— Mnacheka? Kuna bwana mmoja nilikuwa nampelekea barua, alipigwa hiyo miale. Mpaka leo akipita mtaani, milango ya gereji ya kufunguliwa kwa rimoti inafunguka yenyewe.

— Cha mtoto hicho, — akasema Tanuri. — Ikikosea unywele mmoja tu, inaunguza kumbukumbu. Unainuka kitandani unaishangilia timu ya Cleveland, mahasimu wetu!

— Mungu apishe mbali! Bora kivimbe!

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Winchi naye alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Miale haikumtisha. Kilichomkosesha usingizi ni muuguzi aliyempigia simu na kumuuliza atakuja na nani, maana hospitali haianzi kazi bila kumwona mtu wa kumrudisha mgonjwa. Alijibu haraka: mwanangu, Darek. Na Darek yuko Arizona. Tangu wamzike mama yake, Halina, hajapiga simu hata mara moja.

— Lakini Winchi, ndugu yangu, — Tanuri akaendeleza utani, — gari umeuza tangu ulipoanguka kifafa. Mbona kila theluji ikianguka unachimba nafasi ya kuegesha mbele ya nyumba na kuiwekea kiti cha jikoni? Unamwekea nani?

— Mtu anaweza kuja, — akasema Winchi.

Tanuri akakohoa, akatafuta kifuniko cha chupa yake.

Mama mmoja mgeni, kikapu cha nguo kiunoni, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri mashine imalize kukausha. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, mzee. Mama yangu alitibiwa hivyo. Hayo ya gereji msiyaamini, alitoka salama salimini, akanywa na supu. Jumatano nani anakurudisha nyumbani?

Posta hana macho ya kuendesha gari, na Tanuri amenyang'anywa leseni. Mke wa Tanuri anaendesha, lakini Jumatano ni siku yake ya kusafishwa figo. Wanaume waliojua mambo ya miale mia mbili wakawa wanatazama viatu vyao.

— Mwanangu, — akasema Winchi.

— Afadhali, — akasema yule mama, akaingia ndani kutoa nguo zake.

Tanuri akaikung'uta chupa. Hakukuwa na kitu.

— Kahawa imeisha, jamani, — akasema, nao wakainuka.

Winchi akashika njia ya kwake peke yake. Kile kiti cha jikoni, alichokuwa akikalia Halina, kilikuwa palepale barabarani, theluji imekikalia. Akakipangusa kwa mkono mtupu, taratibu. Katika mtaa ule hakuna anayethubutu kuondoa kiti cha mwenzake. Kiti kikishawekwa, nafasi ina mwenyewe. Siku ile Winchi alitamani atokee mtu mmoja asiye na adabu, akitupe kiti pembeni, aegeshe gari lake pale, ili yeye Winchi apate mwenye gari wa kumgongea mlango, amwombe amrudishe Jumatano.