Tairi Kipara la Jumamosi

Konda wa basi alidhani yule dada fundi magari, aliyepakata tairi kipara kama mtoto, analipeleka jalalani. Mzee aliyekaa kando ya dada, mtahini mstaafu wa udereva, alidhani hivyo hivyo na akamsifu.

"Naenda kulifunga kwenye gari langu, mzee wangu," dada akasema. "Jumamosi naingia mashindano ya kuteleza."

"Ya nini?"

"Ya kupita kona kwa ubavu. Wajapani walianzia kwenye barabara za milimani, siku hizi kuna waamuzi na alama. Anayewahi kufika siye anayeshinda. Wanatazama unavyolitelezesha gari bila kulipoteza."

Mzee akaguna. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewafelisha watu kwa kosa hilo hilo. Konda, ambaye yeye mwenyewe alifelishwa naye mara mbili, akainamia tiketi zake asije akatambuliwa.

"Mkia wa gari ukikimbilia kulia," mzee akauliza, "usukani unaupeleka wapi?"

"Kulia."

"Na macho?"

"Kwenye ukuta, nisiugonge."

"Ndiyo maana utaugonga. Macho yanatangulia kule unakotaka kwenda."

"Kumbe na wewe unafundisha kuteleza."

"Nafundisha kutokufa, binti yangu. Usinichanganyie."

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama kwenye kituo cha dada. Mzee akashuka naye, tairi kalibeba yeye, hajafunga mdomo. Konda, aliyemkatia tiketi ya kituo cha mwisho, hakumkumbusha.