Anatolia wa Ndama na Mayai ya Kenge

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka elfu mbili ishirini na tano. Asubuhi hii ukungu ulilala juu ya Bugene mpaka saa tatu, na baridi ya kiangazi ikauma vidole. Wanaoanika kahawa wamechelewa kutandaza mikeka yao. Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja.

Jina lake Anatolia Ndyamukama, mkulima wa migomba na kahawa, kata ya Ndama, wilaya ya Karagwe. Amefariki Jumanne wiki hii kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Amezikwa juzi, Alhamisi, pembeni ya kibanja chake, yaani lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Ameacha mume, Gaudiosus. Ameacha binti mmoja, Ainebyona, mwenye miaka kumi na mitano. Na ameacha daftari lenye michoro ya mayai ya kenge.

Mayai ya kenge? Ndiyo. Habari yake inakuja.

Anatolia alizaliwa Kaisho, Kyerwa. Alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu darasani, na shule ikaishia hapo. Akaolewa Ndama. Februari mwaka elfu mbili na kumi alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa akipalilia, kenge akachomoka kwenye matandazo ya nyasi, akapita miguuni pake. Anatolia akashtuka, akampiga jembe. Kenge akafa palepale. Mama mkwe wake, Bibi Vero, akatoka jikoni. Akamtazama kenge. Akalitazama tumbo la mkwewe. Akatikisa kichwa, akarudi ndani. Siku hiyo hakusema neno.

Mwezi wa tano mtoto akazaliwa nyumbani, kwa sababu mvua ilikuwa imeikata barabara. Aliyempokea ni Bibi Vero, kwa mikono yake mwenyewe. Wakamwita Ainebyona, kwa Kinyambo maana yake Mungu anavyo vyote. Tunarudia, wasikilizaji, mlishike hili: aliyempokea mtoto ni Bibi Vero.

Miezi miwili ikapita. Ngozi ya mtoto ikaanza kukauka. Miguuni, tumboni, mgongoni, ikagawanyika vipande vidogo vidogo, kama tope la lambo wakati wa jua kali. Hapo ndipo Bibi Vero aliposema. Alisema kisimani. Alisema msibani. Alisema nje ya kanisa, ibada ikiwa imekwisha. "Aliua kenge na mimba tumboni. Kenge amerudi kuidai ngozi yake." Na toka siku hiyo hakumgusa tena mjukuu wake.

Neno halina miguu, lakini lilifika shuleni kabla ya mtoto. Siku yake ya kwanza darasa la kwanza, Ainebyona alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, akauliza, "Mama, kumbe baba yangu ni kenge?"

Daktari alikwishamwambia Anatolia kwamba ni maradhi ya ngozi ya kurithi, na kwamba mtoto apakwe mafuta kila siku. Anatolia alimsikia. Lakini daktari alikuwa mmoja, na majirani walikuwa kijiji kizima. Tena walipolisikia hilo neno "kurithi" walicheka. "Si ndicho tunachosema? Amerithi kwa kenge!"

Basi kila jioni Anatolia alimpaka binti yake mafuta. Kila jioni, miaka kumi na mitano. Alianza na mgongo, kwa sababu mgongo mtu hajifikii. Na kila alipopaka, aliomba. Gaudiosus, mumewe, anakumbuka aliyoambiwa na mkewe siku moja: "Nimemwomba Mungu aniondolee swali hili. Hajaliondoa. Naona anataka nilitafutie jibu."

Ndivyo Anatolia alivyokwenda shule tena. Januari mwaka elfu mbili ishirini na tatu, akiwa na umri wa mama mzima, alijiandikisha masomo ya jioni pale Bugene. Daftari alilifunga ndani ya khanga lisilowe. Jioni ya kwanza, Mwalimu Methodius, anayefundisha baiolojia, alimwuliza kila mmoja kilichomleta. Huyu akasema cheti. Yule akasema kazi. Zamu ya Anatolia ikafika.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka kujua magamba ya kenge yanatoka wapi."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti toka nyuma, "Mama, si ukamwulize kenge mwenyewe!"

"Nilimwua kabla sijamwuliza," Anatolia akajibu.

Kicheko kikazidi. Mwalimu Methodius hakucheka. Aliona kwamba na yule mama hacheki.

Akawaambia hivi. Ndani ya yai, mtoto wa kenge huanza na ngozi laini kabisa. Halafu ngozi hiyo hunenepa hapa na pale, vinatokea vituta vidogo kama vipele, vimejipanga mistari mistari kama maharage yaliyopandwa na mtu makini. Kila kituta kinainuka, kinakuwa gamba. Juu yake linakuja tabaka gumu, la jamii moja na ukucha wa binadamu. "Mtazameni kuku miguuni," akasema. "Yale nayo ni magamba. Na nyoya lake lilianza ndani ya yai kwa kituta kama hicho. Na unywele wako wewe, tumboni mwa mama yako, ulianza hivyohivyo."

"Kwa hiyo mwalimu, sisi sote ni kenge?" yule wa nyuma akauliza.

"Kenge ni kenge, na wewe ni wewe. Fundi ndiye mmoja."

Anatolia aliyaandika yote. Lakini kusikia si kuona. Mwezi wa tano mwaka jana, vijana waliokuwa wakichimba kichuguu wapate udongo wa matofali walikuta mayai ishirini na saba, meupe, yenye ganda laini kama ngozi. Mayai ya kenge. Wakaanza kukusanya nyasi wayachome.

"Nipeni mimi," Anatolia akasema.

"Mama Aine, kenge hawajakutosha?"

"Hawajanitosha."

Akayabeba. Akayafukia kwenye chungu kikubwa, kwa udongo uleule wa kichuguu, akakiweka ghalani. Walikubaliana na Mwalimu Methodius kupasua yai moja kila mwezi, waone ngozi inavyojitengeneza. Gaudiosus anasimulia: "Yai la kwanza aliliombea kabla ya kulipasua. Nikamwambia, mke wangu, sasa unawaombea kenge? Akasema, nilimwua mwenzao bila kusali, hawa siwezi." Siku zile, anasema, mkewe alikuwa akisoma mpaka anasahau kutia chumvi kwenye ndizi.

Yai la Juni lilikuwa na nyuzi za damu tu. La Julai lilikuwa na kiumbe kidogo kilichojikunja, laini kama ulimi wa ndama. Hakuna gamba hata moja. Anatolia akachora, akaandika tarehe.

Agosti mama yake mzazi akafariki kule Kaisho. Anatolia akaenda kuzika, akakaa wiki tatu. Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni.

Bibi Vero alikuwa ghalani, ameinama juu ya chungu.

"Shikamoo, Mama. Unafanya nini hapo?"

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Nakusaidia. Haya mayai uliyaacha yatima, hayana wa kuyalalia wala wa kuyageuza. Mimi kila asubuhi nayageuza, kama afanyavyo kuku."

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Vero amefuga kuku maisha yake yote. Anajua kwamba yai lisilogeuzwa haliangui. Lakini yai la kenge si yai la kuku. Mtoto wa kenge hujishika upande wa juu wa ganda. Ukimgeuza, anaweza kukosa pumzi. Tunarudia: yai la kuku hugeuzwa, yai la kenge haligeuzwi. Bibi huyu hakuyajua hayo. Alifanya kwa kupenda.

Anatolia akakaa chini palepale, akalia. Alimlilia mama yake, akayalilia na mayai. Kisha akainua uso. "Mama, wewe uliyesema mwanangu ni wa kenge, umelea watoto wa kenge wiki tatu?"

Bibi Vero akajifuta mikono, akatoka ghalani.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Methodius alikuja na kioo chake cha kukuzia. Mayai mengi yalikuwa yameoza. Sita hayakuoza. Na kwa kuwa hayakufa siku moja, kila kiumbe kilikuwa kimesimama pale safari yake ilipokatika. Wakayapasua, wakawapanga watoto wa kenge juu ya jani la mgomba. Wa kwanza, ngozi laini. Wa tatu, vituta vya mistari toka mkiani mpaka mabegani. Wa sita, magamba madogo mwili mzima, yote mahali pake, kama shanga zilizotungwa. Kosa la Bibi Vero lilikuwa limeiweka njia nzima mbele ya macho yao.

Anatolia aliangalia muda mrefu. Halafu akamwita mama mkwe wake.

"Mama, tazama. Kenge huvaa magamba yake humu ndani, kabla hajaliona jua. Sasa nakuuliza wewe uliyempokea Aine. Alitoka vipi?"

Bibi Vero akaitazama mikono yake.

"Alitoka laini," akasema. "Laini kama ndizi iliyomenywa."

"Basi kaseme, Mama. Palepale kisimani uliposema mwanzo."

"Nitasema."

"Lini?"

"Niache kwanza, mwanangu. Uzee huu nitauficha wapi?"

Anatolia hakumlazimisha. Jumapili kwa Jumapili, ibada ikiisha, alimtazama, na Bibi Vero akatengeneza mtandio wake, akashika njia ya nyumbani. Ikapita miezi tisa. Anatolia alimwambia mwalimu wake, "Mimi nimejua. Lakini Aine anahitaji wajue wao." Alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii. Mwishoni mwa Mei mvua za mwisho zilimnyeshea akitoka darasani Bugene. Daftari halikulowa. Yeye alilowa. Kifua kikambana, akalazwa. Maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa haya: "Mgongo wa Aine. Tafuta mtu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Gaudiosus. Tunampa pole Ainebyona. Tunampa pole Mwalimu Methodius na wanafunzi wake wa jioni, waliobakiwa na kiti kitupu safu ya mbele. Mungu aliye na vyote awape na faraja. Nasi tujiulize, kila mtu moyoni mwake: ni neno gani nililolisema kisimani, ambalo mpaka leo mtoto wa mwenzangu anatembea nalo mwilini? Aliyelisema bado yu hai. Na aliyeumizwa nalo atangoja mpaka lini?

Alhamisi, mchungaji alipomaliza kuomba na udongo ukiwa bado haujarudishwa, Bibi Vero aliomba asimamishwe. Ana miaka sabini na tisa. Mkononi alishika kopo la mafuta alilolichukua kitandani kwa marehemu. Alimwita mjukuu wake, aliyevaa sweta la mikono mirefu kama siku zote. Akamshika mkono, akaipandisha ile mikono ya sweta, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Watu wote wakaona. Akachota mafuta, akampaka mbele yao. Halafu akasema, na haya ndiyo maneno yake kama tulivyoyanasa:

"Mimi Vero ndimi niliyempokea mtoto huyu. Alikuwa laini. Nililijua hilo toka siku ile, na niliwaambia uongo. Anatolia, mwanangu, nimechelewa, lakini nasema, na hawa wote wananisikia. Mgongo wa Aine ni wangu. Kila jioni Mungu anayonipa, nitaupaka mimi, kwa mikono hii iliyompokea. Nikikosa jioni hata moja, ninyi mliopo hapa njooni mniulize."