Mama Tepu, Mpima Ndege wa Ufukweni

Ndugu waombolezaji, mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tepu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya nyuma ya duka la mikate, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1969, na tarehe 3 Februari 1970 akaajiriwa na kiwanda cha sare, akiwa mkaguzi wa vipimo, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2006, bila kuachia hata kola moja ipite imekwenda upande.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, fundi majokofu, wakajaliwa watoto watatu, ambao ndio sisi.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 1988 aliokota ufukweni ndege aliyekufa, akakosa usingizi kwa kutojua jina lake, akaandikia ofisi ya wanyamapori, nayo ikampa kitabu cha picha na daftari la kuorodhesha ndege wanaotupwa na bahari, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alitembea kilomita tatu, akipima midomo, mabawa na miguu kwa tepu yake ya kiwandani. Wale alioshindwa kuwatambua aliwaleta nyumbani, na siku baba alipofungua friza akitafuta kitoweo, akakuta ndege amefungwa gazeti, alilifunga tu, na wiki iliyofuata akaleta friza la pili, na kama hayo si mapenzi, basi hatuyajui.

Mwaka 1993 aligundua kuwa maji yalimrudisha ndege mmoja aliyekwisha kuandikwa, naye akamhesabu tena, akapanda basi hadi ofisi ya wanyamapori kusahihisha, na walipomwambia ndege mmoja si hoja, alijibu, "Hakuna anayekufa mara mbili."

Juni 2024 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, hofu yake kubwa ikawa Jumamosi kupita daftari likiwa tupu, hivyo baba, asiyejua shakwe wala bata, akawa anatembea yeye, akimweleza mdomo na manyoya kwa simu, naye mama akitaja jina kutoka kitandani, huku akimcheka, hadi alipofariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia picha za ndege ukutani mwa wodi, majirani waliovumilia harufu, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani walioshona nguo aliyovaa leo, nayo imemkaa sawasawa.

Leo ni Jumamosi, na asubuhi, kabla ya kuja hapa, tulitembea na baba, tukakuta ndege mmoja wa kahawia, baba akatoa simu kwa mazoea, akaitazama, akairudisha mfukoni, akapiga magoti na kumpima, kisha akasema taratibu, "Shakwe, hajatimiza mwaka," tukafungua kitabu, na kweli alikuwa ndiye.

Pumzika kwa amani, mama, Jumamosi ya leo imeandikwa daftarini.